Simu inakatika, video inapita

Wanaolikumbuka daraja la zamani la Rusumo, lile la njia moja, wanajua foleni ni nini. Laini ya intaneti katika ofisi ya wakala wa forodha nayo ni daraja la namna hiyo. Wakala anamtajia mteja kwa simu ya intaneti "elfu kumi na tano". Dawati la pili kijana anapandisha video ya harusi. Mteja anasikia "elfu kumi". Ugomvi unaanzia hapo.

Wengi hukimbilia kununua kasi zaidi, pengine bila haja. Swichi inayoweza kupangwa husoma alama ya kipaumbele, 0 hadi 7, na sauti kwa kawaida hupewa 5. Hutangulia mbele ya video.

Lakini sauti ikipewa njia bila kikomo, nyaraka za forodha zitalala foleni. Simu moja isiyobanwa hula takriban kilobiti 90 kwa sekunde kila upande. Kwa simu tatu tenga 300 katika laini ya 2,000; zikinyamaza, wengine waitumie.

Tena usiamini alama za kila kompyuta, maana video nayo yaweza kujiita sauti. Amini tundu za simu tu.

Mlango wa kutokea nje upunguzwe hadi 1,900 hivi, ili foleni ijipange kwenye swichi, si kwenye modemu isiyojua nani mkubwa. Yanayoingia kutoka nje ni habari nyingine: hayo ukazungumze na anayekuuzia laini.