Moyo Wenye Kupiga Polepole na Mwili Wenye Kuchoka



Kabla ya kuendelea, kaa chini utulie kidogo. Weka vidole viwili vya mkono wa kuume juu ya mkono wako wa kushoto, chini ya kiganja, upande wa kidole gumba. Usipime kwa kidole gumba, maana nacho kina mapigo yake na kitakudanganya. Unasikia mshipa unavyopiga? Hesabu dakika moja nzima, kwa saa ama kwa simu. Wanafunzi wetu wa uuguzi wanapenda kuhesabu sekunde 15 na kuzidisha mara nne. Lakini ukikosa pigo moja, umekosa manne.

Moyo wa mtu mzima aliyepumzika hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika. Sasa itakuwaje ukipata 46?

Kijana mmoja wa Baraka, mchezaji wa mpira, alikuja kwetu na karatasi yenye namba hiyo. Mahali pengine walikuwa wamemwambia moyo wake umechoka, wakamtia serumu mbili na sindano za vitamini, naye akauza mbuzi ili alipe. Akaniambia: “Mama, moyo wangu uko unakufa. Miye nachoka sana, hata kupanda kilima siwezi tena.” Alikuwa na mambo mawili, moyo wa polepole na uchovu, na kila mtu aliyemwona aliyafunga pamoja kama kuni za mzigo mmoja. Pengine ni mzigo mmoja, pengine sivyo. Ndiyo sababu ya kuandika ukurasa huu.

Moyo ni pampu ya nyama. Mwili uliopumzika unahitaji karibu litri 5 za damu kila dakika. Moyo wa mtu wa kawaida husukuma karibu mililita 70 kwa pigo moja. Ukipiga mara 70, litri 5 zimetimia. Mtu anayekimbia ama kupiga kasia mwaka baada ya mwaka, moyo wake unakua na kupata nguvu, sawa vile mkono wa mwenye kutwanga. Pigo moja linaweza kutoa mililita 100. Basi mapigo 50 yanatosha kutoa litri zilezile 5. Tena mshipa wa fahamu unaotoka kichwani kuutuliza moyo unafanya kazi zaidi kwake. Filbert Bayi wa Tanzania alivunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch tarehe 2 Februari 1974, kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Wakimbiaji wa namna hiyo, wakilala, si ajabu moyo kupiga mara 40 tu. Na si wa michezo peke yao. Mama anayepanda toka Baraka kwenda Fizi na mzigo kichwani anafanya mazoezi kuliko wachezaji wengi, ijapokuwa hakuna anayempigia makofi.

Moyo wa namna hiyo ni mzima. Lakini uangalie: mwenye moyo huo ana nguvu. Anapanda kilima, mapigo yanaongezeka hadi 120 na zaidi, na akipumzika yanashuka upesi. Kama mapigo ni machache na nguvu zinapungua wiki kwa wiki, usijisifu kwamba una moyo wa mkimbiaji.

Kuna moyo wa polepole wa njaa. Mtu akitumika kuliko anavyokula, mwili unaanza kubana matumizi kama mama wa nyumba ambaye unga unaelekea kwisha. Joto la mwili linashuka, moyo unapunguza mapigo, usingizi unakuwa mbaya, na msichana anaweza kukosa siku zake za mwezi. Yule kijana wetu alifyatua matofali asubuhi, alicheza mpira kila jioni, na alikula bugali mara moja tu, usiku. Hatukumpa dawa. Tulimwambia aache mpira kwa wiki mbili, ale asubuhi kabla ya kazi, na aongeze maharagwe, ndakala na mafuta ya mawese. Hakufurahi, maana alitazamia sindano. Wagonjwa wengi wanaona bugali si dawa.

Sasa neno ambalo hata wauguzi wanalisahau. Namba ya kawaida ya watu wote si lazima iwe ya kawaida kwako. Maleriya na upungufu wa damu huongeza mapigo. Mchezaji ambaye siku zote ana 48, akiamka na 74, muuguzi ataandika “sawa”, kumbe moyo wake unakimbia. Kwa hiyo ujue namba yako ungali mzima. Pima ukiamka, kabla ya kusimama, siku saba, uandike katika daftari. Mvuvi anayevua usiku kwa taa apime akiamka mchana, ni sawasawa.

Damu inapungua kwa njia nyingi kwetu huku: maleriya ya mara kwa mara, uzazi wa karibu karibu, na minyoo ya safura inayoingia kwa ngozi ya miguu. Vijana wanaocheza bila viatu karibu na mahali watu wanapojisaidia, wanajitafutia safura. Pimeni damu na choo mbele ya kununua vitamini. Na chai msinywe pamoja na sombe, maana inazuia chuma cha chakula kuingia mwilini.

Tezi ya shingo nayo ikikosa nguvu, moyo unakwenda polepole, mtu anachoka, anasikia baridi, ngozi inakauka, choo kinakuwa kigumu. Katika kisiwa cha Idjwi, kwenye Ziwa Kivu, waganga waliochunguza miaka ya 1960 walikuta watu wengi sana wenye uvimbe wa shingo. Udongo ulikosa iodini, na sumu ya mihogo isiyoandaliwa vizuri iliongeza shida. Nunua chumvi yenye iodini, uifunike, uitie chakula kinapokaribia kuiva. Mihogo michungu iloweke siku zake zote, usifupishe kwa sababu wageni wamefika.

Homa ya tumbo nayo ina desturi yake. Joto linapanda sana, lakini moyo haukimbii kama unavyotazamia. Mgonjwa wa namna hiyo asingoje.

Pia usingoje kama mapigo ni machache na umezimia, ama unasikia kizunguzungu, maumivu ya kifua, kukosa pumzi, ama miguu kuvimba. Ama ukitembea kwa haraka na moyo unakataa kuongeza mapigo. Vilevile kama baba, mama ama ndugu alikufa ghafula akingali kijana. Hapo njia ya umeme ndani ya moyo inaweza kuwa imekatika, na inahitaji kupimwa kwa mashini ya hospitali. Mvuvi aliyezimia hata mara moja asirudi ziwani mbele ya kupimwa, hata kama giza la mwezi limefika na wenzake wanamwita. Aje siku ileile, pamoja na mtu aliyemwona akianguka, daftari la mapigo, na dawa zote anazomeza, za dukani na za miti.