Kinga ya Askari, Kinga ya Kijiji

Tiba ya kijeshi dhidi ya sumu za kemikali, vijidudu na mionzi ni tawi la udaktari linaloshughulikia hatari tatu ambazo askari hawezi kuzipiga risasi. Kazi yake ni kumkinga mtu mapema, kuitambua hatari, kumsafisha aliyepatwa na kumtibu. Machoni pa daktari, hatari hizo hutofautiana kwa saa. Sumu kali ya kemikali huua kwa dakika. Mionzi hujionyesha baada ya saa au siku. Vijidudu hukaa kimya siku kadhaa, hata wiki, na mgonjwa wa kwanza hufika hospitalini akidhaniwa ana malaria.

Afrika Mashariki iliionja sumu ya kemikali mapema. Mwaka 1935 na 1936 ndege za Italia ziliwamwagia Waethiopia gesi ya haradali, ingawa Italia ilikuwa imeikubali Itifaki ya Geneva ya 1925 iliyokataza silaha hizo. Inaitwa gesi, lakini ni kimiminika chenye mafutamafuta. Haiumi inapogusa ngozi; malengelenge hutoka saa kadhaa baadaye, ikiwa imekwishapenya, na wapiganaji wengi waliopita penye majani yaliyolowa walikuwa peku. Mpaka leo haina dawa ya kuibatilisha. Anayeoshwa mara moja hunusurika na mengi. Anayengoja maumivu amechelewa.

Sumu za neva, kama sarin, zinatisha zaidi, na zina ndugu zake madukani. Viuatilifu vya jamii ya oganofosfati hufanya kazi kwa njia ileile, ingawa vingi ni dhaifu sana kwa binadamu vikilinganishwa na sarin. Miongoni mwavyo imo Actellic, ambayo wakulima wengi huchanganya na mahindi kabla ya kuyatia guniani, na ambayo kuanzia 2017 ilipulizwa kwenye kuta za nyumba huko Migori, Kenya, kuua mbu. Neva ikishatuma amri kwa msuli au tezi, kuna kimeng'enya kinachoifuta amri hiyo. Sumu hukizima kimeng'enya, amri ikabaki bila kufutwa. Mate hutiririka, jasho hutoka, tumbo huharisha, misuli huchezacheza, mboni hubana zikawa kama tundu la sindano, na mapafu hujaa majimaji.

Muuguzi wa kituo cha afya anayempokea mkulima aliyekunywa au kumwagikiwa na dawa kali ya shambani anafanya, bila kuiita hivyo, tiba ya vita vya kemikali. Anavaa glavu. Nguo zinazonuka dawa zinavuliwa na kufungwa kwenye mfuko, mwili unaoshwa kwa sabuni na maji mengi, kisha atropini inaingia mshipani na kurudiwa kila baada ya dakika chache. Kipimo cha kutosha hakionekani machoni: dawa huongezwa hadi kifua kikauke na pumzi ipite bila mkoromo. Askari hubeba atropini hiyohiyo, pamoja na dawa ya kukifufua kimeng'enya, katika sindano anayojichoma pajani juu ya nguo.

Kuvua nguo kunaonekana jambo dogo hadi kuachwe. Tarehe 20 Machi 1995 kikundi cha kidini kiliachia sarin katika treni za chini ya ardhi za Tokyo. Hospitali ya St. Luke's ilipokea watu 640 siku ile, wakaingizwa na nguo zao katika vyumba visivyopitisha hewa vizuri. Wahudumu zaidi ya 100 wakaanza kuona giza na kuumwa kichwa.

Kuhusu mionzi, hofu ni kubwa kuliko maarifa. Mtu aliyepigwa na mionzi kutoka nje, kama ya mashine ya eksirei, hawezi kuwaambukiza wengine; anayepaswa kuoshwa ni yule mwenye vumbi la mionzi mwilini. Vidonge vya iodini, ambavyo wengi hudhani ni kinga ya yote, hulinda tezi ya shingoni tu, tena dhidi ya iodini yenye mionzi pekee, na lazima vimezwe kabla au saa chache baada ya tukio. Daktari hukadiria dozi kwa vitu viwili visivyohitaji mitambo mikubwa: muda uliopita kabla mgonjwa hajaanza kutapika, na hesabu ya limfositi, aina ya chembe nyeupe za damu, inayorudiwa kwa siku mbili. Hesabu hiyo hufanywa katika hospitali yoyote kubwa, ikiwemo ile ya rufaa ya Kisumu ambayo wakazi bado wanaiita Russia kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti. Mkasa wa kukumbukwa ni wa Goiânia, Brazil, 1987: wauza vyuma chakavu walivunja mashine ya tiba ya saratani iliyotelekezwa, wakagawiana unga uliong'aa gizani. Watu 249 walichafuliwa, wanne wakafa. Dawa iliyosaidia kuutoa unga huo mwilini ni rangi ya buluu iitwayo Prussian blue. Fundi wa jua kali anayepima chuma kwa kilo hana namna ya kujua kilichomo ndani, isipokuwa aitambue alama ya mionzi.

Kwenye vijidudu, Nyanza, magharibi mwa Kenya, ina mengi ya kusimulia. Kisian ni njia panda magharibi mwa jiji la Kisumu, pale barabara ya Bondo inapoachana na ile ya Busia. Kando yake ipo kambi ya utafiti ya KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba iliyoundwa 1979, wanakofanya kazi pia Wamarekani wa CDC na wa jeshi. Kitengo cha tiba cha jeshi la Marekani, ambacho wenyeji wanakijua kwa jina la Walter Reed, kipo Kenya tangu 1969. Mwaka huohuo Rais Nixon alifuta mpango wa nchi yake wa silaha za vijidudu na kubakiza utafiti wa kujikinga.

Jeshi la kigeni likikaa karibu na maabara, maswali huzuka, na ni halali yaulizwe. Mkataba wa 1972 wa kupiga marufuku silaha za vijidudu, ambao Kenya iliingia 1976, unaruhusu kuhifadhi vijidudu kwa kinga na malengo mengine ya amani tu, lakini friji ni ileile na ujuzi ni uleule. Mwezi Novemba 2010 Seneta wa Marekani Richard Lugar alifika Nairobi na maofisa wa Pentagon, wizara ya ulinzi ya nchi yake, kukagua jinsi maabara zinavyolindwa, wakihofia vimelea kuibwa.

Upande wa pili wa hoja ni kwamba vimelea hivyo havikuletwa na mtu. Mwaka 1980 mhandisi Mfaransa wa kiwanda cha sukari cha Nzoia alikufa kwa virusi vya Marburg baada ya kuzuru pango la Kitum, Mlima Elgon. Dkt. Shem Musoke aliyemtibu Nairobi aliambukizwa, akapona. Mtoto wa Kidenmaki alipokufa 1987 baada ya kuingia pango hilohilo, wanajeshi watafiti wa Marekani walikwenda mwaka uliofuata na mavazi ya kinga, wakakosa virusi. Miaka mingi baadaye vilipatikana Uganda, katika popo wa matunda wa mgodi wa Kitaka.

Maabara ina kazi ya kusema hapana pia. Oktoba 2001, dunia ikiwa na hofu ya barua zenye kimeta, serikali ya Kenya ilitangaza kwamba barua iliyofika Nairobi ilikuwa na ugonjwa huo. Vipimo vya kina havikuuthibitisha. Bakteria wa kimeta wana ndugu wengi wasio na madhara, na kipimo cha kwanza huwachanganya.

Malaria si silaha, ila imewaangusha askari wengi kuliko silaha yoyote ya vijidudu, ndiyo maana Walter Reed wako kando ya Ziwa Victoria. Mwishoni mwa miaka ya 1990 walijaribu dawa ya malaria ya tafenokuini kwa wakazi wa Nyanza. Marekani iliiidhinisha 2018. Hata mbu wa hapa wamesafiri: kizazi cha Anopheles kiitwacho KISUMU, kinachokufa kwa dawa kirahisi, hufugwa katika maabara za mabara mbalimbali kama kipimo cha kulinganishia mbu sugu. Chanjo ya RTS,S, iliyoanza miaka ya 1980 kwa ubia wa jeshi la Marekani na kampuni ya dawa, ilijaribiwa kwa watoto 15,459 katika nchi saba, wakiwemo wa Siaya na wa Kombewa, mbele ya Kisian kwa barabara ya Bondo. Kwa waliochanjwa wakiwa na miezi 5 hadi 17 na kupata dozi nne, ilipunguza malaria kwa asilimia 36 hivi katika miaka minne. Kwa mtoto wa Nyanza hiyo ni nafuu kubwa, na Septemba 2019 Kenya ilianza kuitoa Homa Bay. Kwa askari anayetumwa ugenini ni ndogo mno. Yeye bado anameza vidonge.