Ndovu Aliyekuja kwa Mistari

Ndovu wa kwanza niliyemwona kwenye intaneti alichukua karibu dakika mbili kufika. Ilikuwa katika saiba moja ya Voi, kompyuta sita zikigombea laini moja ya simu, na ukurasa ulikuwa wa hoteli ya watalii. Kwanza ilishuka mbingu, mstari baada ya mstari. Yakafuata masikio, kisha mgongo mwekundu kwa udongo wa Tsavo. Alipofika magotini, dakika nilizolipia zikaisha, akabaki bila miguu. Nikatoka nje. Lango la Tsavo Mashariki liko kilomita chache kutoka pale, na ndovu wazima, wenye miguu yote minne, huingia mashambani pembezoni mwa mji bila kumdai mtu chochote ila mahindi yake.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Modemu ya siku zile, ikiwa na afya njema, ilipitisha kilobiti 56 kwa sekunde, yaani kilobaiti saba. Picha ya kilobaiti 100 ilihitaji sekunde 14 kwa mtu aliye peke yake kwenye laini. Mkiwa sita, zidisha kwa sita. Ukurasa wa kawaida wa leo unazidi megabaiti mbili. Modemu ile ingeuleta kwa muda wa kutosha kwenda kununua mahamri na kurudi, na ungefika pamoja na kidirisha cha kukuomba ruhusa ya kukufuatilia.

Sasa wapo wanaozililia kurasa zile. Wanazikumbuka kwa vitu vyake: maandishi ya rangi ya samawati yaliyopigiwa mstari, usuli wa nyota au wa matofali, maneno yaliyotambaa kutoka kulia kwenda kushoto, daftari la wageni la kutia sahihi, kibao cha "ukurasa unajengwa" kilichosimama miaka bila mjenzi kurudi, na chini kabisa kihesabio kilichokutangazia kwamba wewe ni mgeni wa 412. Kwa macho ya mtu wa pwani, sura hii haikuwa ngeni. Ni kanga: pindo limezunguka, mji uko katikati, na jina limewekwa pale ambapo halikosi kusomwa. Anayesema kurasa zile zilikuwa na rangi nyingi mno hajawahi kusimama kituo cha matatu.

Uzuri ni suala la ladha, na sitaki kuuamua. Kinachonishughulisha ni jinsi sura ile ilivyoondoka, kwa sababu tuliwahi kuona jambo hilohilo kwenye kuta za Voi.

Zamani ukitaka bango la duka ulimwita fundi. Alikuja na ngazi, makopo ya rangi na brashi alizozifunga kwenye kitambaa kama daktari. Kinyozi alichorewa kijana aliyekatwa denge, akitazama upande. Bucha ilichorewa ng'ombe mnene mwenye tabasamu, asiyejua kilichokuwa nyuma ya mlango. Fundi hakupima sana. Alianza na herufi kubwa za kifahari, na alipokaribia mwisho wa ukuta herufi zikabanana kama abiria wa jioni, hata neno "jumla" likakunjwa likaishia kwenye fremu ya dirisha. Lakini ulijua ukuta ni wa nani, na mara nyingi ulijua pia mkono ni wa nani.

Kisha zikaja kampuni za simu, za soda na za sabuni. Hazikumlazimisha mtu. Mwenye duka alikuwa na ukuta unaobambuka, akaambiwa utapakwa bure, na jina lake litaandikwa pia. Hata mimi ningekubali. Ukuta ukapakwa rangi ya kampuni kutoka msingi hadi paa, na jina la duka likapata nafasi ya kona, kwa herufi zilezile alizopewa jirani. Ukipita kwa basi kutoka Maungu hadi Mtito Andei unaweza kudhani biashara zote ni za watu watatu.

Kwenye intaneti mambo yalikwenda vivyo hivyo. Huduma ya GeoCities, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1994, iligawa ploti za bure, na ploti hizo zilipangwa kwa mitaa kulingana na mambo ambayo watu wanayapenda. Nayo ilikuwa na matangazo yake, kwa hiyo tusiifanye bustani ya Edeni. Ila brashi ilikuwa mkononi mwa mwenye ploti, na ndiyo maana kila ukuta ulipinda kwa namna yake. Facebook ilitoa ukuta wa bure pia, ila uliokwisha kupakwa. Unaandika jina na kutia picha. Samawati si yako. Tunaosema watu wamepoteza ubunifu tunamlaumu mwenye duka kwa rangi ambayo hakuinunua.

Kuna jambo katika tarehe ambalo mtu wa Voi hawezi kulipita. Mwaka 2009, nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa na kuanza kazi. Oktoba mwaka huohuo Yahoo, iliyokuwa imeinunua GeoCities, ilizifunga kurasa zake zote isipokuwa za Japani. Yaani mwezi ambao bomba la intaneti lilikuwa limefika pwani yetu, mtaa tuliokuwa tukiuchungulia kwa tundu la ufunguo ulikuwa unabomolewa. Hatukupata hata nafasi ya kumwona ndovu yule kwa mkupuo mmoja.

Na nyaya za kwenda Nairobi zilipita kwetu, kama kila kitu. Voi ni mji wa kupitiwa. Reli ya zamani inapita, barabara kuu inapita, bomba la mafuta linapita, reli mpya iliyofunguliwa 2017 inapita. Maji ya chemchemi za Mzima yamekuwa yakiteremka kwa bomba kwenda Mombasa tangu miaka ya 1950, na watu wa Taita Taveta hawajaacha kuuliza fungu lao. Intaneti angalau ilitoboa bomba ikatuachia kidogo.

Walionifuata kwa umri, waliosoma sekondari baada ya nyaya za baharini kufika, hucheka ninapowaeleza juu ya nyota na matofali. Wao hawakupitia saiba. Walianza na simu ndogo na Opera Mini, programu iliyouvua ukurasa nguo zote njiani ili usile salio. Tovuti yao ya utotoni ni Waptrick: orodha ndefu ya viungo, nyimbo, michezo, picha za kuweka kwenye skrini, bila madaha yoyote. Wanaililia kwa uchungu uleule. Nimejaribu kuwaeleza kwamba Waptrick haikuwa na sura. Wananijibu kwamba ilikuwa na nyimbo.

Na kuna deni la kulikiri. Katika kurasa nzuri za zamani, sisi tulikuwa mandhari. Taita ilikuwamo: simba wala watu wa 1898, hoteli iliyosimama juu ya nguzo, ndege wa misitu ya milimani, hata Saintpaulia teitensis, ua la kilima cha Mbololo, jamaa ya yale yanayooteshwa kwenye vyungu vya madirishani huko ng'ambo. Walioandika walikuwa wageni. Mdawida, yaani Mtaita, aliyekuwa na ukurasa wake ungemtafuta kwa tochi. Leo mama wa soko la Mwatate anapiga picha ya nyanya zake alfajiri na kuiweka WhatsApp, na kabla ya saa tatu zimekwisha. Hana usuli wa nyota wala hauhitaji. Vijana wanataniana kwa Kidawida kwenye kuta ambazo si zao, na utani unanoga vilevile.

Hivi karibuni niliutafuta ukurasa wa ile hoteli kwenye hifadhi ya Internet Archive, ambayo imekuwa ikikusanya kurasa tangu 1996. Niliupata, kwa simu, kwa sekunde mbili. Maneno ya kukaribisha wageni yalikuwapo, bei za vyumba za wakati ule zilikuwapo, nambari ya faksi ilikuwapo. Picha haikuhifadhiwa. Mahali pa ndovu palikuwa na kisanduku kitupu chenye alama ndogo kwenye kona, na safari hii hata masikio hayakufika. Chini kabisa, penye kihesabio, palikuwa na kisanduku kingine kama hicho. Kwa hiyo sijui nilikuwa mgeni wa ngapi.