Ugonjwa Mwepesi wa Mama, Uziwi wa Mtoto

Mtoto akizaliwa hasikii, mara nyingi mama yake hulaumiwa, na wengine hunong'ona habari za laana na uchawi. Lakini iko sababu moja ambayo madaktari waliitambua zamani, nayo ni maradhi ya rubela.

Maradhi haya huletwa na virusi vinavyoenea kwa kikohozi na chafya. Mgonjwa hupata homa kidogo, vipele humtoka kwa siku tatu hivi, kisha hupona. Wengine huugua bila hata kujua. Hatari yake kubwa ni kwa mwanamke mwenye mimba changa.

Jambo hili liligunduliwa Australia, ambako rubela ilienea sana mwaka 1940. Mwaka uliofuata, daktari wa macho wa mji wa Sydney, Norman McAlister Gregg, aliona watoto wachanga wengi wenye mtoto wa jicho. Yeye na wenzake walipowahoji mama zao, walikuta kwamba katika watoto 78, mama wa watoto 68 walikuwa wameugua rubela walipokuwa waja wazito. Habari hizo zilipotangazwa magazetini, akina mama wengine walimwarifu kwamba watoto wao hawasikii. Mwaka 1943 Charles Swan na wenzake wa mji wa Adelaide walithibitisha kwamba uziwi nao hutokana na rubela.

Sababu yake ni hii: katika miezi mitatu ya kwanza ya mimba ndipo viungo vya mtoto huumbwa. Virusi hupenya kutoka kwa mama na kuharibu sehemu ya ndani ya sikio, na pengine macho na moyo pia. Sikio lililoharibika hivyo haliwezi kurudishwa na dawa.

Lakini kinga ipo. Chanjo ya rubela ilianza kutumiwa Marekani mwaka 1969, na katika Kenya iliunganishwa na ya surua mwaka 2016. Watoto huchanjwa wakiwa na umri wa miezi 9, na tena wa miezi 18. Wavulana nao wachanjwe, kwani wao pia huweza kuleta maradhi nyumbani. Mwanamke ambaye hakuchanjwa na achanjwe mwezi mmoja au zaidi kabla ya kushika mimba, kwa maana mja mzito hapewi chanjo hii.

Wazazi nao wawe macho. Mtoto wa miezi 6 asiyegeukia sauti ya mama yake apelekwe hospitali bila kukawia. Kiziwi aliyetambuliwa mapema hufundishwa lugha ya ishara, husoma, na hufanya kazi kama wengine. Aliyefichwa nyumbani kwa sababu ya aibu hupoteza miaka ambayo hairudi, na hali mama yake hakutenda kosa lolote.