Pembe Ipakwe Nini?

Tuseme fundi wa Buzebazeba, mjini Kigoma, amepachika njumu za pembe katika mpini wa kisu cha kuparia samaki. Je, azipake mawese, vanishi au nta? Kabla ya kuchagua, hana budi kuijua pembe yenyewe.

Pembe ya ng'ombe ni keratini, dutu ile ile ya kucha na nywele. Pembe yenye matawi ya kulungu wa Ulaya, iangukayo na kuota upya kila mwaka, ni mfupa, na kiini chake kina matundu kama sifongo. Wanafunzi na wajaribu hivi mbele ya mwalimu: wachome unga kidogo wa kila moja. Mfupa utaacha jivu jeupe jingi la madini. Keratini itanuka kama nywele zilizoungua, isiache jivu kama hilo.

Mawese, yaliyo tele Kigoma, hayakauki hewani kama mafuta ya kitani. Yakipenya matundu ya mfupa, huutia manjano, kisha huchacha. Vanishi hukauka, lakini ikipata ufa, maji na damu ya samaki hujificha chini yake.

Basi mfupa uzibwe matundu kwa gundi ya epoksi. Pembe ya ng'ombe yatosha kusuguliwa kwa msasa laini uliolowa, ili vumbi lisiingie mapafuni, kisha ipakwe nta ya nyuki kidogo, kwani ikinywa maji hujipinda. Nta ya ziada ifutwe: mpini unaoteleza hukata vidole.