Mavuno Yawe Somo la Hesabu

Huko Marekani, ifikapo Alhamisi ya nne ya mwezi wa Novemba, watu hupumzika kazi na kushukuru kwa mavuno. Katika shule za msingi watoto hukata karatasi kwa umbo la bata mzinga, wakayahesabu manyoya yake, wakajumlisha na kutoa. Kwetu siku ya mkulima ni Nane Nane, tarehe 8 Agosti, wakati ambapo mpunga, mahindi na pamba nyingi za Shinyanga na Geita zimekwisha toka shambani. Je, sisi huwafundisha nini watoto wetu kwa mavuno hayo?

Swali hili si la mkulima peke yake. Mfanyakazi wa Kahama au wa Geita mjini naye hununua gunia sokoni, na aghalabu wazee wake kijijini huliuza. Asiyejua kupima hupunjwa mara mbili.

Wakazi wa Kanda ya Ziwa wanalijua jambo hili tangu zamani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba walinung'unikia mizani ya wanunuzi. Wakaweka watu wao wenyewe, wajuao kusoma na kuhesabu, wasimame penye mizani na kuhakikisha uzito. Kutokana na juhudi hizo, ambazo Ndugu Paul Bomani alikuwa miongoni mwa viongozi wake, vyama vya ushirika vilienea, hata mwaka 1955 likaundwa shirikisho lao la Victoria. Basi ushirika ule mkubwa ulianzia kwenye hesabu.

Yafuatayo ni mazoezi ambayo mwalimu darasani au mzazi nyumbani aweza kuyafanya bila kununua kitu.

MUHINDI MMOJA

Mpe kila mtoto muhindi mkavu kabla haujapukuchuliwa. Ahesabu safu za punje kwa kuuzunguka. Watoto watastaajabu kuona kwamba karibu kila mmoja amepata namba shufwa: 12, 14 au 16. Ndivyo muhindi unavyoota, kwa kuwa safu hukua mbili mbili. Kisha ahesabu punje za safu moja na kuzidisha. Safu 14 zenye punje 35 kila moja ni punje 490. Halafu apukuchue na kuzihesabu zote, aone makisio yake yamekosea kwa kiasi gani. Magunzi yasitupwe, wadogo wayapange kumi kumi wajifunze makumi na mamoja.

MIZANI YA FITO

Kata fito iliyonyooka yenye urefu wa sentimita 40. Funga uzi katikati kabisa, sentimita 20 kila upande. Kwenye ncha ning'iniza vifuniko viwili vya makopo vilivyo sawa. Fito ikilala upande mmoja, bandika udongo kidogo upande mwepesi hata inyooke. Vizibo vya soda ndivyo vitakuwa mawe ya kupimia. Mtoto apime kiazi, nyanya na konzi ya choroko, na kuandika kila kimoja kina uzito wa vizibo vingapi.

Sasa mwalimu awafundishe hila. Asogeze uzi wa katikati kidogo upande mmoja, kisha ainyooshe fito kwa udongo. Ikiwa tupu, mizani itaonekana njema. Lakini ni ya uongo. Watoto wapime kitu hata vizibo vilingane nacho, kisha wabadilishane: kitu kiende upande wa vizibo, na vizibo upande wa kitu. Fito ikiinama, mizani imemfichua mwenyewe. Mtoto aliyeliona hilo kwa macho yake hatalisahau.

GUNIA LA LUMBESA

Kwa wakubwa wa darasa la tano na kuendelea, hesabu iwe hii. Mkulima amejaza magunia 5, kila moja kilo 120 kwa sababu ya lumbesa. Mnunuzi amemlipa bei ya magunia ya kilo 100. Amepoteza kiasi gani? Kilo 20 mara 5 ni kilo 100, yaani gunia zima limekwenda bure. Sheria imeipiga marufuku lumbesa, lakini sheria hufaa zaidi pale ambapo muuzaji mwenyewe anaweza kuhesabu.

GRAMU ZA GEITA

Huko Geita, ambako soko la madini lilifunguliwa mwaka 2019, uzito husemwa kwa gramu na vipande vya gramu. Hapo ndipo somo la desimali linapopata maana. Mchimbaji mwenye gramu 2.4 na nyingine 1.7 ana gramu 4.1. Asiyejua kuweka nukta mahali pake aweza kupoteza mshahara wa siku nyingi. Lakini hesabu hii ifanywe kwa kalamu na daftari tu. Mtoto asipelekwe mashimoni, wala vyombo na udongo wa kuchenjulia visiletwe darasani, kwani zebaki ni sumu.

Waswahili husema haba na haba hujaza kibaba. Kibaba hicho, hata hivyo, chahitaji mtu wa kukikagua. Jumapili hii, mzazi, keti na mwanao, mkate fito moja na kufunga uzi. Jasho la nyumba yenu litapata mlinzi mwingine.