Galileo, Kanisa na Maji ya Bamvua

Juzi barazani kwetu Mji wa Kale, Mombasa, kijana mmoja mwanafunzi alituhadithia kisa cha Galileo, kisha akacheka: "Hao Wakristo, dini yao na sayansi hazipikiki chungu kimoja." Mzee mmoja mvuvi, aliyekuwa akinywa kahawa kimya, akamwuliza: "Mwanangu, na huyo bwana ushahidi wake ulikuwa nini?" Kijana hakuwa na jibu. Nami nikaona swali lile lafaa kujibiwa hapa.

Galileo alizaliwa Pisa, Italia, mwaka 1564. Mwaka 1610, kwa darubini aliyoitengeneza mwenyewe, aliona miezi minne ikiizunguka sayari ya Mushtarii. Akazidi kuamini maneno ya Copernicus, mtumishi wa Kanisa huko Poland, aliyeandika mwaka 1543 kwamba dunia ndiyo inayolizunguka jua. Copernicus naye alitumia pia hesabu za al-Battani, mwanachuoni wa falaki wa Raqqa, Shamu, na amemtaja kwa jina kitabuni mwake.

Wakuu wa Kanisa walipinga, maana Biblia yasema Yoshua, tumjuaye sisi kwa jina la Yusha bin Nun, aliliamuru jua lisimame. Hata hivyo, Kardinali Bellarmine aliandika mwaka 1615 kwamba ushahidi wa yakini ukipatikana, itabidi maandiko yafasiriwe kwa uangalifu mkubwa. Hilo halikuwa neno la mjinga.

Basi ushahidi u wapi? Galileo aliutafuta baharini. Alidai kwamba maji hujaa na kupwa kwa sababu dunia yenda, mfano wa maji ya kunywa yatikisikavyo ndani ya mashua iendayo Venice. Kepler aliposema kwamba mwezi ndio uvutao maji, Galileo alimshangaa. Msomaji wa pwani, hapo utacheka! Nani kwetu asiyejua kuwa bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu? Dai la Galileo lilikuwa kweli, lakini hoja aliyoitegemea sana ilikuwa kombo.

Kanisa lingeweza kumjibu kwa hoja. Badala yake, tarehe 22 Juni 1633, mzee huyo wa miaka 69 alipigishwa magoti mjini Roma, akalazimishwa kuapa kwamba anaikana itikadi ile. Akafungiwa nyumbani mwake karibu na Florence hadi alipofariki mwaka 1642. Kwa maoni yangu, hapo ndipo penye dhambi. Kukosea habari za nyota si dhambi, kwani hata Galileo alikosea. Dhambi ni kumlazimisha mtu aape kinyume cha anachokiamini moyoni.

Mwaka 1992 Papa Yohana Paulo wa Pili alikiri kwamba wanatheolojia wa zama zile walikosea. Ilikuwa imepita miaka 359.

Tusiwacheke. Nasi hubishana juu ya mwezi mwandamo: huyu angoja uonekane hapa kwetu, yule akubali habari za nchi nyingine, na pengine ndugu wa nyumba moja husali Idi siku mbali mbali. Kubishana si kosa. Kosa ni kumziba mwenzio mdomo pale hoja zinapokuishia.

Nilipomweleza mzee wetu habari ya bahari, alitabasamu, akaweka kikombe chini. "Masikini," akasema, "laiti angekuja kuvua nasi mwezi mmoja tu."